Kiingereza Kimebadilishwa Tena, Hatukuambiwa

Hapa Morogoro siku hizi, kabla hujafungua mdomo kusema Kiingereza, inabidi ujue kwanza ni cha mwaka gani. Tulichofundishwa sisi kimeshapita. Walichofundishwa wadogo zetu nacho kinaelekea huko huko. Watoto wanarudi likizo na kingine, kila wakirudi kimesogea kidogo, na sisi tuliolipa ada ndio tunaochekwa. Maneno ni yale yale, tahajia ni ile ile, mtihani wa taifa unaandikwa vile vile. Kilichobadilika ni namna ya kuyatamka, na hakuna mtu aliyepita mtaani na kipaza sauti kututangazia.

Sisi tulisema wota. Mwalimu darasani alisema wota, mkaguzi wa shule akija alisema wota, na aliyekwenda Uingereza kusoma akarudi akisema wota. Leo ni wara. Beta imekuwa bera. Herufi ya mwisho tuliyoiita zedi inaitwa zii, na mtoto wa darasa la pili anakukazia macho ukiisema kizamani. Ratiba tulifundishwa kuiita shedyuli, tukaishika kwa viboko, sasa ukiitamka hivyo kikaoni vijana wanatazamana. Data tuliita data kama ilivyoandikwa, leo wanasema deta, lakini ukienda kununua kifurushi cha simu muuzaji anakuambia data. Hata jina la nchi halikupona. Lilipotungwa 1964 kutokana na Tanganyika na Zanzibar, wageni walilisema kwa mkazo wao na sisi kwa mkazo wetu, na hatukugombana. Sasa kijana aliyezaliwa Kichangani, ambaye hajavuka Mto Ruvu, anajitambulisha kwamba anatoka Tenzeinia.

Mtu asiseme haya ni mambo ya wasomi. Nendeni Soko Kuu la Chifu Kingalu asubuhi, zikishushwa mboga za Mgeta. Karoti zina udongo bado, kuna kabichi, njegere, koliflawa, salari iliyofungwa mafungu kwa kamba ya mgomba, na msimu ukikubali kuna peasi na stroberi ndani ya vikapu. Nimesimama pale nikamwona binti, mwanafunzi wa chuo kwa jinsi kitambulisho kilivyoning'inia shingoni, anaamkia shikamoo vizuri kabisa, kisha anauliza kama kuna leras. Mama mwenye meza akamwambia hakuna. Binti akarudia leras, safari hii akiipitisha puani. "Hiyo hatuna mwanangu, jaribu kwa yule kijana wa mwisho." Letusi ilikuwa mbele yake, beseni zima, imenyunyiziwa maji. Binti akaondoka bila letusi, na mama akabaki na beseni lake.

Wakulima hao wa Mgeta wanailisha Dar es Salaam. Magari yanashuka na mboga kutoka Nyandira, yanapinda kona zile za kutisha hadi Mlali, yanatokea Sangasanga kwenye lami, yanaelekea mjini na mengine yanakwenda moja kwa moja Dar. Kwa miaka yote hiyo, mboga kwa Kiingereza wameita vejiteboli, silabi tano, zote zinasikika. Wanunuzi waliwaelewa, mabwana shamba waliwaelewa, wataalamu wa kigeni waliokuja na miradi yao waliwaelewa. Sasa wanaambiwa ni vechtabo, na ile ya zamani ni ushamba. Wanaoilima ndio wanaoambiwa hawajui kuitaja.

Na kuna jambo linaloumiza zaidi kwa watu wa milimani. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ni mtu mzito. Shamba la ukoo ana neno, ndoa ana neno, msiba ana neno. Siku hizi na ada pia inamfuata. Anauza ndizi za Kinole, anauza mdalasini na pilipili manga, anamlipia mpwa wake shule ya Kiingereza mjini. Desemba mtoto anarudi. Watu wamekaa, ugali umekuja, mjomba anawaeleza wageni kwamba mpwa wake huyu ni hodari wa mathematikisi. "Sio hivyo, anko." Mtoto hana ubaya, shuleni wamemzoesha kusahihisha. Lakini wageni wameangalia chini, na mjomba amenyamaza, na jioni nzima hatarudi tena kwenye habari za shule. Januari ada analipa yeye.

Ukimya ule tunaujua sote. Tumeuona kwenye kikao cha wazazi, mwalimu anapouliza nani ana swali na baba mwenye swali anatazama dari. Tumeuona dukani, mgeni anapoingia na kijana wa duka, aliyefaulu Kiingereza kidato cha nne, anakwenda kumwita mtu mwingine. Tumeuona kwenye usaili wa kazi katika ofisi moja hapa mjini, ambako binti wa jirani yetu alitamka neno la kwanza kwa namna yake, mmoja wa jopo akatabasamu na kumtazama mwenzake, na binti akaanza kujibu kwa neno moja moja. Alichokuwa anaulizwa ni mahesabu ya ghala. Mahesabu ya ghala anayajua kuliko wote waliokuwa mle ndani.

Tungevumilia kama kungekuwa na Kiingereza kimoja ambacho sisi tumekikosea. Lakini Morogoro hii hakijawahi kuwa kimoja. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliopanda milima hii kufungua misheni za Matombo na Mgeta hawakuwa Waingereza, na baadaye wengi wao walikuwa Waholanzi, kwa hiyo aliyeonja Kiingereza kwao alikionja kwa ulimi wa Kiholanzi. Mwaka 1957 masista wa Maryknoll kutoka Marekani walifungua Marian College, shule ya wasichana ambayo leo ni Sekondari ya Kilakala. Kwa hiyo Kiingereza cha Kimarekani ambacho watoto wanafikiri wamekigundua kwenye simu kilishafika chini ya mlima huu kabla ya Uhuru, na bibi zetu waliosoma pale walikisikia kwa walimu wao kila siku. Kisha wakaja Waafrika Kusini. Chama cha ANC kilipewa ardhi Mazimbu, kikajenga chuo cha Solomon Mahlangu, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 mpaka 1992 watu wa Mazimbu na Kihonda walizoea Kiingereza cha Soweto na cha Durban. Zilipofunguliwa shule za msingi za binafsi za Kiingereza miaka ya 1990, walimu wengi walitoka Kenya na Uganda, na watoto wakaanza kusema kama Wakenya na Waganda. Baada ya hapo zikaja katuni za televisheni, halafu simu. Kila kundi likija na matamshi yake, ya waliotangulia yanaitwa makosa.

Katika wasichana waliopita Marian College alikuwamo Gertrude Mongella. Mwaka 1995 alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake kule Beijing, ulioandaliwa na Umoja wa Mataifa, na maelfu ya watu kutoka kila upande wa dunia walimsikiliza. Alizungumza Kiingereza cha Mtanzania, kwa sauti ya Mtanzania. Ajenda ikapita.

Wenye lugha wenyewe, tukiwauliza, hawana jibu. Shirika la utangazaji la BBC liliunda kamati mwaka 1926 ya kuamua maneno yatamkwe vipi hewani. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa mshairi Robert Bridges, baadaye akashika George Bernard Shaw, na wazee wale wenye elimu yao walibishana neno baada ya neno mpaka vita vya 1939 vikawatawanya. Hawakukubaliana kwa yote. Na mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kupima hotuba za Krismasi za Malkia Elizabeth. Walilinganisha za miaka ya 1950 na za miaka ya 1980, wakakuta irabu zake zimehama, zimesogea kuelekea matamshi ya raia wa kawaida wa kusini mwa Uingereza. Kama Malkia mwenyewe, aliyefundishwa nyumbani kwake na aliyekuwa na sura yake kwenye noti, hakukaa na matamshi yale yale maisha yake yote, basi mwalimu mstaafu wa Bigwa anachekwa kwa kosa gani? Hata ile shedyuli tuliyochapiwa viboko, vijana wengi wa Uingereza leo hawaisemi hivyo. Tulichapwa bure.

Wazee wetu waliopokea maneno haya mwanzo walikuwa na utulivu ambao sisi tumeupoteza. Mwingereza ana sauti moja ya katikati anayoitumia kwenye shati na kwenye sketi na kwenye nesi, sauti ambayo Kiswahili hakina kati ya irabu zake tano. Wazee waliisikia, wakaiweka a kwenye shati, wakaiweka e kwenye sketi na kwenye nesi, wakaendelea na kazi. Fundi cherehani akashona vyote, nesi akachoma sindano. Hakuna aliyewaambia warudie. Na wenyewe hatukusimama pale: burashi ikawa brashi, bulangeti ikawa blanketi, sitima ikawa stima, kadiri watu walivyozoea kukutanisha konsonanti. Bibi akisema bulangeti na mjukuu akisema blanketi, baridi ya Lupanga inazuilika vile vile, na mjukuu hajawahi kumkatiza bibi yake kwa hilo. Kumbe kubadilika tunakujua na kuvumiliana tunakujua. Kwenye Kiswahili.

Hilo ndilo ninalotaka tulitazame. Simama stendi ya Msamvu saa moja ya asubuhi. Mabasi ya Dodoma, ya Iringa, ya Songea, ya Mwanza na ya Dar es Salaam yote yanapita pale, na kila basi linashusha Kiswahili chake. Kuna anayesema kura akimaanisha kula, na mama ntilie anampa wali. Kuna anayeacha h ya hapana, kuna anayeongeza h pasipo na h, kuna anayeimba kila sentensi kama wanavyoimba kwao, kuna anayevuta maneno mpaka konda anachoka kumsubiri. Anaeleweka, anauziwa maji, anaonyeshwa choo, anapanda basi lake. Jina la lugha ya milima yetu lenyewe wataalamu wa lugha wengine wanaliandika kwa l, Kiluguru, wengine kwa r, Kiruguru, na mlima haujahama. Tukitaka kutaniana tunataniana, utani wa makabila upo na una mahali pake, lakini hatumnyimi mtu kazi ya kuhesabu magunia kwa sababu ya l na r.

Mwalimu Nyerere aliwahi kusema kwamba Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia. Wengi wameitumia kauli hiyo kudai Kiingereza kiendelee kufundishia sekondari, na kimeendelea. Lakini tungeichukua kauli hiyo kikamilifu, tungekipokea Kiingereza kama tunavyokipokea Kiswahili pale Msamvu: mtu aseme, aeleweke, apande basi lake. Tumechukua lugha tukaacha uvumilivu.

Na gharama yake iko darasani. Mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili katika shule ya serikali ya Mkuyuni au Kiroka, kisha anaingia kidato cha kwanza na karibu kila somo linageuka Kiingereza siku ile ile. Tatizo hili halikuanza jana. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipima hali ya Kiingereza mashuleni wakaandika ripoti kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakimudu kiasi cha kusomea. Miaka imepita zaidi ya arobaini. Walimu wanafanya wanavyoweza, wanaeleza kwa Kiingereza na kurudia kwa Kiswahili mlango ukiwa umefungwa, na tunawashukuru. Kinachotuuma ni kwamba juu ya mzigo huo wa kuelewa usanisinuru kwa lugha ngeni, mtoto anaongezewa mwingine wa kuogopa kutamka. Jibu analo. Mkono hauinuki. Anajua akisema kama alivyosikia kwa mwalimu wa Matombo, wale watatu waliotoka shule za kulipia watageuka nyuma. Mwisho wa muhula ripoti inasema hachangii darasani.

Shule za kulipia nazo zinajua biashara yao. Wazazi tukienda kutafuta nafasi, hatuulizi maktaba ina vitabu vingapi wala mwalimu wa hesabu amesomea wapi. Tunasimama uwanjani tunasikiliza watoto wanavyotamka, wakisema wara tunatoa fedha. Kuna mzazi ameuza kiwanja Lukobe kwa ajili ya wara. Maktaba hakuuliza.

Ya redio tusiyaache. Watangazaji wetu vijana wana vipaji, wana sauti, wanachapa kazi usiku na alfajiri, lakini kuna baadhi wameanza kukitamka Kiswahili kwa ulimi wa Kiingereza walioupata kwenye simu. Morogoro ina r mbili. Wanazimeza zote mbili. Jina la mji walimozaliwa linatoka kama la mtu aliyefika jana kwa ndege. Matangazo ya vifo yanasomwa hivyo hivyo, na mama wa Kisaki anayesikiliza ajue ni nani aliyefariki na atazikwa wapi inabidi asubiri marudio. Hapo sisi wazee na vijana tunanung'unika pamoja, kwa sababu Kiswahili ni cha wote na kila mtu anasikia kimepinda. Malalamiko ya Kiswahili angalau yana pa kwenda, lipo Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, tangu 1967. Ya Kiingereza tunayamalizia mezani kwetu, kimya.

Hakuna anayesema watoto wasijifunze. Mtoto akitaka kusema kama Mmarekani na aseme, akienda Marekani kitamfaa. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha kilimo, SUA, anayeandika tasnifu ya udongo kwa Kiingereza lazima akijue sawasawa, sarufi yake, msamiati wake, mpangilio wa hoja. Kijana anayepandisha wageni Moningisaidi na kilele cha Bondwa lazima ajue kueleza njia, hatari, ndege wa msituni na bei yake, na wageni wanamwelewa, wanarudi salama, wanamlipa. Wajerumani wanamwelewa, Wajapani wanamwelewa. Anayemsahihisha matamshi ni Mtanzania mwenzake aliyekuja kupiga picha.

Basi tunaomba, na ombi si kubwa. Walimu, msimruhusu mtoto yeyote kumcheka mwenzake kwa ulimi alioupata nyumbani, na mkifundisha matamshi fundisheni yale yanayobadili maana, hayo mengine yatakuja yenyewe au yasije. Mlio kwenye majopo ya usaili, ulizeni mlichokuja kuuliza. Wazazi wenzangu, siku ya kuchagua shule tuingie maktaba. Watangazaji, rudisheni r zetu. Na nyinyi wanetu mnaorudi Desemba, mjomba akitaja somo lenu mbele ya wageni, mwacheni amalize sentensi yake.